Lumbwa Ilikuwa Wapi? Kuzisoma Picha Kuukuu za Kericho na Bomet

Anayetafuta stesheni ya Lumbwa kwenye ramani ya leo ya Kenya hataiona. Imo katika kumbukumbu za Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, na leo inaitwa Kipkelion. Neno hilohilo liliandikwa pia chini ya picha za watu wa eneo hilo. Wenyewe wanajiita Kipsigis. Lumbwa ni jina walilobandikwa na wengine, na wapiga picha wakalichukua kama walivyolisikia.

Ndiyo maana mwenye kuchunguza picha kuukuu za nchi ya chai huanza kwa kuyatilia shaka maandishi. Hata "Kericho" yenyewe yahitaji uangalifu. Bomet ilimegwa kutoka Kericho kuwa wilaya mwaka 1992, hivyo picha ya hospitali ya Tenwek, iliyoko Bomet, ya siku za daktari Ernie Steury, aliyefika huko 1959, yafaa itafutwe kwenye faili la Kericho.

Baada ya maandishi, jicho hushuka ardhini.

Kwanza kitani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani. Walipanda kitani, bei ikaanguka, na mradi ukafa baada ya miaka michache. Brooke Bond na James Finlay wakaingia katikati ya miaka ya 1920 na miche ya chai. Kwa hiyo mistari ya miche michanga yenye udongo mtupu katikati ni dalili ya shamba jipya. Majani yakishafunga ardhi, mchumaji akaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, kikapu mgongoni, miaka imekwenda.

Majengo nayo husaidia kukadiria tarehe: kanisa la Kianglikana la Holy Trinity lilijengwa 1952, na Tea Hotel ni ya muongo huohuo.

Lakini kipimo kilicho wazi zaidi ni ukubwa wa shamba. Kwa miongo kadhaa Mwafrika wa hapa alichuma chai ya mwingine, chini ya nyapara, bila ruhusa ya kupanda yake. Mamlaka ya kuwasimamia wakulima wadogo wa chai, KTDA, iliundwa 1964. Picha ya mama anayechuma katika kishamba kilichopakana na nyumba na migomba yake haielekei kuwa ya miaka ya 1930.

Miaka hiyo ya 1930 ilikuwa na habari nyingine. Kwa sheria ya 1934, ukoo wa Talai wa Wakipsigis uliondolewa nyumbani na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Agosti 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao ya ardhi katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Nyaraka za Finlay zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Wazee wanaoweza kusema kilima kiliitwaje kabla ya chai wako Litein na Kapkatet. Nakala ya picha ikiwafikia wangali hai, geuza karatasi na uandike jina hilo nyuma yake kwa penseli, karibu na neno Lumbwa.