Nyumba bila kianzio

Dalali wa viwanja Dar es Salaam akisema "kianzio asilimia 30, iliyobaki unamalizia ndani ya mwaka", hakuna anayemwuliza maana yake. Kianzio ni fedha ya kwanza inayotoka mfukoni mwa mnunuzi na kuhesabiwa ndani ya bei. Kinachobaki ndicho deni. Nairobi na Mombasa wengi husema dipoziti. Nyaraka za benki hupenda malipo ya awali, na si kosa, ila neno hilo limebeba mizigo mingi: hata fundi anayepewa hela ya saruji kabla hajagusa mwiko amepokea malipo ya awali. Kwa nyumba mimi nachagua kianzio.

Kianzio kisichanganywe na arbuni. Arbuni hutolewa ili muuzaji asimpe mtu mwingine mali wakati mambo mengine yakikamilishwa, na mnunuzi akirudi nyuma bila sababu inayokubalika, kwa kawaida anaipoteza. Mtaani huitwa kishika uchumba, na utani huo una ukweli wake. Tofauti hii itatufaa mbele kidogo.

Mahali ambapo "bila kianzio" ni mpango wa serikali wenye sheria yake ni Marekani. Juni 22, 1944, Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria ya kuwasaidia askari waliokuwa wakirudi kutoka vitani, inayojulikana zaidi kama GI Bill. Serikali haikuwanunulia nyumba. Iliwadhamini: benki ikopeshe, na askari akishindwa kulipa, serikali ifidie sehemu ya hasara. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Benki hudai kianzio kwa sababu nyumba ikibidi kuuzwa kwa bei ya hasara, fedha ya mnunuzi ndiyo inayotangulia kupotea. Akitokea mdhamini wa kubeba hasara hiyo, kianzio kinaweza kusamehewa. (Udhamini huo haukuilazimisha benki kukopesha, na askari weusi wengi walifukuzwa mlangoni wakiwa na haki zote mkononi.)

Mkopo wa aina hiyo bado upo, chini ya idara ya maveterani, VA. Wahamiaji kutoka Kenya, Uganda au Kongo waliotumikia jeshi la Marekani na kutimiza masharti wanaupata kama askari wengine. Wizara ya Kilimo, USDA, nayo inadhamini mikopo isiyo na kianzio kwa wenye kipato cha kawaida, mradi nyumba iwe katika eneo ambalo ramani ya wizara inalihesabu kuwa la vijijini. Baadhi ya maeneo hayo ni vitongoji ambavyo mtu wa Mbeya asingeviita kijiji hata kidogo.

Sasa tupige hesabu. Nyumba ni ya dola 300,000, mnunuzi anatumia mkopo wa VA kwa mara ya kwanza, hatoi kianzio. Anatozwa ada ya udhamini ya asilimia 2.15, yaani dola 6,450, na wengi huiingiza humohumo ndani ya mkopo. Deni linaanza likiwa 306,450, kubwa kuliko bei ya nyumba. Kwa riba ya asilimia 6.5 na muda wa miaka 30, rejesho ni kama dola 1,937 kwa mwezi, kabla ya kodi ya mali na bima. Katika rejesho la kwanza, dola 1,660 ni riba. Zinazopunguza deni ni 277 tu. Akilipa miaka miwili bila kukosa atakuwa ametoa zaidi ya dola 46,000, na deni litakuwa limeshuka hadi kama 299,400. Yaani ndiyo kwanza amefika pale pa bei aliyonunulia. Akihamishwa kikazi mwaka huo na bei ya nyumba haijapanda, gharama za kuuza atazitoa mfukoni.

Kwa hiyo kwenye tafsiri ya mkataba nisingeandika "nyumba bila malipo ya awali", kama baadhi ya matangazo yanavyosema. Msomaji ataelewa kwamba siku ya kusaini anakuja mikono mitupu. Arbuni bado itadaiwa anapotoa ofa, hata kama baadaye itarudishwa au kuingizwa kwenye gharama nyingine. Zipo pia gharama za kukamilisha mauziano: mthamini, bima ya hati, usajili, ada za mkopeshaji. Mara nyingi hufika asilimia 2 hadi 5 ya mkopo, ingawa muuzaji anaweza kukubali kubeba sehemu yake. Kinachokosekana ni kianzio peke yake.

Neno ninalolipendekeza ni "mkopo wa asilimia mia". Halivutii kwenye bango, lakini linataja ukubwa wa deni. Anayetegemea kukaa mahali pamoja miaka kumi, mwenye mshahara usioyumba na kodi ya pango inayokaribia rejesho lenyewe, anaweza kuutazama mkopo huo na kuuchukua akijua anachofanya. Asiyejua mwakani atakuwa mji gani, heri aendelee kupanga huku akijiwekea kianzio.