Jiko la Akiba: Historia ya Kupika kwa Kilichopo

Wengi wetu tutajapo historia ya taifa huwakumbuka watemi na masultani, vita na mikataba, na siku bendera ilipopandishwa. Ni wachache wakumbukao chungu. Walakini chungu nacho kina historia yake, na kwa siku nyingi za maisha ya watu wa kawaida historia hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mama aliyeamka alfajiri akakuta ghalani kibaba kimoja cha mtama, fungu la majani makavu na samaki wawili waliokaushwa, naye ana watu wanane wa kulisha, alikuwa na kazi iliyohitaji akili, kumbukumbu na uamuzi. Elimu aliyoitumia hakuisoma kitabuni. Aliirithi kwa mama yake na bibi yake, na wao waliipokea kwa waliowatangulia.

Insha hii yahusu elimu hiyo: ujuzi wa kupika chakula cha kutosha, kwa gharama ndogo, kutokana na kile ambacho tayari kimo jikoni. Wahenga walisema mchele ni mmoja lakini mapishi ni mengi. Tutazame mapishi hayo yalivyokua, yalivyojaribiwa na njaa na vita, na kwa nini kuyasahau kumewahi kuwagharimu wenzetu miguu yao.

Tuanze mbali. Kabla ya mahindi na mhogo kufika katika nchi zetu, nafaka za wazee wetu wa bara zilikuwa mtama, uwele na ulezi. Kisiwani Pemba, wanaakiolojia waliochimbua magofu ya Tumbe na Chwaka wamepata punje zilizoungua motoni zamani sana, na punje hizo zatueleza habari za jiko. Tumbe, mji wa kale zaidi, watu walitumia sana uwele; Chwaka, uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga ulikuwa umeshika nafasi kubwa. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona kuwa chakula cha wenyeji kilikuwa hasa ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao ililetwa kwa vyombo kutoka sehemu nyingine za pwani. Basi hata zama hizo watu walikula kwanza kile kilichokuwa karibu nao, na kilichotoka mbali kilipimwa kwa uangalifu.

Kuanzia karne ya 16, baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari kuu, mazao ya Marekani yalianza kuingia Afrika: mahindi, mhogo, viazi vitamu, karanga na maharage. Mazao haya hayakuleta mapishi yake pamoja nayo. Wapishi wetu waliyatia katika mapishi waliyokuwa nayo. Ugali uliokuwa wa mtama ukasongwa kwa unga wa mahindi. Mhogo ukakaushwa na kutwangwa kama nafaka, na ugali wake, ambao sehemu za pwani huitwa bada, ukaliwa kwa samaki. Majani ya mhogo yakatwangwa yakawa kisamvu. Hivi leo mtu akidhani kisamvu cha nazi ni chakula kilichokuwapo tangu kuumbwa kwa dunia hatumlaumu, kwa maana kimekuwa chetu kabisa. Lakini yafaa mwanafunzi ajue kuwa ni kazi ya ubunifu, iliyofanywa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Msingi wa jiko la akiba ulikuwa ni kukausha. Mvua za sehemu nyingi za nchi yetu hunyesha kwa miezi michache, kisha hufuata kiangazi kirefu. Na mboga ya masika haisubiri kiangazi. Kwa hiyo kila sehemu ilibuni njia yake. Usukumani viazi vitamu humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, navyo huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, huitwa matobolwa. Michembe hukaa miezi mingi ghalani, kisha hupikwa kwa karanga zilizotwangwa, na chakula hicho kikawatosha watoto hata bila mboga nyingine. Majani ya kunde hukaushwa pia, nayo huko huitwa nsansa. Ugogo na Singida mlenda huvunwa porini wakati wa mvua, hukaushwa na kusagwa, na kijiko cha unga wake hutosha mboga ya jamaa nzima. Kandokando ya Ziwa Viktoria dagaa huanikwa juani, na kwa kuwa ni wadogo na wakavu huweza kusafirishwa mbali na kununuliwa kwa kipimo kidogo na mtu mwenye senti chache.

Baada ya kukausha, kuna ujuzi wa kutotupa kitu. Mpishi wa pwani akikuna nazi moja hupata tui mara mbili au tatu: lile jepesi hutangulia kuivisha mboga, na lile zito huja mwisho ili kukoleza. Machicha yanayobaki huenda kwa kuku. Mchele uliopepetwa huacha chenga, nazo hupikwa au husagwa zikawa unga wa vitumbua. Ugali uliobaki usiku huwa kiporo cha asubuhi, hupashwa moto juu ya makaa ukaliwa kwa chai. Ukoko wa wali hugombewa na watoto. Mahali ambapo mashine ya kusaga iko mbali au ada yake ni ghali, mahindi mazima hupikwa pamoja na maharage yakawa makande, chakula ambacho Upareni na Usambaa kina heshima yake mpaka leo. Na mafuta yakikosekana, mboga huungwa kwa karanga, au huchemshwa chukuchuku kwa chumvi na kipande cha ndimu.

Msomaji mwangalifu ataona kuwa mchanganyiko huu haukuwa wa kubahatisha. Mahindi peke yake hayampi mwili vyote unavyohitaji, wala maharage peke yake hayatoshi. Lakini yakiliwa pamoja kila kimoja hukamilisha upungufu wa mwenzake. Bibi zetu hawakulijua neno protini. Walijua tu kwamba mtoto anayekula makande na mboga za majani hustawi kuliko mtoto anayekula ugali mtupu, nao wakaushika ujuzi huo.

Hata hivyo, tusiisifu elimu hii kana kwamba iliweza kuishinda kila njaa. Historia inatuonya. Katika Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba, vijiji na maghala ya chakula kusini mwa nchi. Wengi wa waliokufa waliuawa na njaa na maradhi, si risasi. Ni ujuzi gani wa kukausha ungeliweza kumwokoa mtu ambaye ghala lake limetiwa moto? Vivyo hivyo Ugogo, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha kupita juu yake, ng'ombe na nafaka zikiwa zimetwaliwa kulisha majeshi na vijana wakiwa wamechukuliwa kuwa wapagazi, mvua ilikosekana, na ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watu waliishi kwa mizizi ya porini, majani na ubuyu, na wengi hawakuishi. Jiko la akiba lahitaji kuwa na akiba. Nayo akiba yaweza kuporwa na mwenye nguvu.

Wakati wa utawala wa Waingereza, serikali ya kikoloni iliamuru katika wilaya nyingi kila kaya ilime mhogo kuwa akiba ya njaa. Wazo lenyewe halikuwa baya, kwa kuwa mhogo hustahimili ukame na huweza kukaa ardhini mpaka utakapohitajiwa. Ila amri hiyo ilikwenda sambamba na shinikizo la kulima pamba, kahawa na mkonge kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo, na mkulima akajikuta anauza kilicho bora na kubakiza kinachobaki. Unguja nako, ambako karafuu zilikuwa zimeshika ardhi nzuri, mchele mwingi uliagizwa kutoka Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 mchele huo ukakatika, na watu wakarejea kwa mhogo, ndizi na viazi vya mashamba yao. Waliokuwa hawajasahau namna ya kuvipika walipata nafuu.

Baada ya Uhuru mtihani mwingine ulikuja. Mvua za mwaka 1973 hadi 1975 zilikuwa haba, wakati huohuo mamilioni ya watu walikuwa wanahamishiwa vijijini na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda. Taifa lililazimika kutumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka. Watu wengi wa umri mkubwa wanakumbuka unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, ambao waliuita yanga, na namna walivyoula huku wakikunja nyuso. Ndipo mwaka 1975 ikaendeshwa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, wanavijiji walijadili mazao ya bustani, mboga na lishe ya watoto. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 ukafuata uhaba wa sukari, mafuta na sabuni uliozidi kuwabana watu mapema katika miaka ya 1980. Katika foleni za miaka hiyo, mapishi ya bibi yalirudi mjini: chai ikanywewa kwa kiazi kitamu badala ya sukari, na karanga zikashika nafasi ya mafuta.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyotoa funzo lililo zito kuliko yote. Mhogo mchungu una sumu ya asili, na ndiyo maana wazee waliuroweka kwa siku kadhaa, au waliuvundika, kisha wakauanika mpaka ukauke vizuri. Mwaka 1985, wakati wa ukame mkoani Mara, nyumba nyingi zilibakiwa na mhogo mchungu tu. Njaa haikungoja siku zote zile. Utayarishaji ukafupishwa, na unga ukaliwa sumu ikiwa haijatoka, tena pasipo samaki wala maharage ya kuupa mwili nguvu ya kuiondoa. Wilayani Tarime watu kadhaa, wengi wao wakiwa watoto na akina mama, walipooza miguu kwa ghafla. Ugonjwa huo wataalamu wanauita konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo, na ulemavu wake haurudi nyuma.

Tulitafakari jambo hili kwa makini. Watu wale hawakukosa ujuzi. Walikosa siku za kuutumia, na walikosa kitoweo. Kumbe zile hatua ambazo mtu wa mjini huweza kuziona kuwa ni desturi tu za kizamani, yaani kuroweka, kuvundika, kuanika na kula mhogo pamoja na dagaa, kila moja ilikuwa na sababu. Kuruka hatua moja kulikuwa ni kucheza na uhai. Na hapo twaona pia wajibu wa jamii: mama hawezi kuachiwa peke yake jikoni na gunia la mwisho, halafu alaumiwe kwa pishi lililoharibika.

Leo hatari iliyopo ni ya namna nyingine, nayo ni dharau. Sembe nyeupe huonekana ni chakula cha waungwana, na dona ikaitwa ya wanafunzi wa bweni, ingawa dona hubaki na kiini na ganda lenye virutubishi ambavyo sembe hupoteza mashineni. Mgagani, mnavu na mchunga huitwa mboga za maskini. Kijana huona haya kukutwa anakula kiporo, akakopa ili anunue chipsi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Na huu ndio mbacha wetu.

Kwa hiyo walimu wa historia, sayansi kimu na Kiswahili wanayo kazi ya kufanya pamoja. Mwanafunzi na atumwe nyumbani akiwa na daftari. Amwulize bibi yake ni majani gani yalikaushwa, kwa siku ngapi, yakahifadhiwa ndani ya nini, yakapikwa kwa kitu gani. Ayaandike majina kama yanavyotamkwa kwa lugha ya mahali pale, maana majina mengine hayamo katika kamusi yoyote. Amwulize pia habari za mwaka wa njaa: chakula kilikwenda wapi, na nani alikuwa nacho. Majibu ya swali la kwanza yatampa mapishi, na majibu ya swali la pili yatampa historia.

Bibi hao wanapungua kila mwaka. Akiba haiozi, lakini akiba iliyomo vichwani mwa watu huzikwa pamoja nao, kama hakuna aliyekuja kuiuliza.