Nani Alikuwa Anauza Riwaya Masasi? Stori ya Mali Kauli na Mto Rufiji

Wadau, Willy Gamba mnamjua. Kama hamumjui, muulizeni mzee yeyote nyumbani aliyesoma riwaya ujanani, mtakesha. Aliyemuumba, Elvis Musiba, naye jina lipo. Ila yule mwenye duka wa Masasi au Newala aliyepanga riwaya kati ya madaftari na kalamu, huyo hatajwi popote. Na stori yenyewe ni yake.

Watu husema Kusini vitabu vilikosekana kwa sababu hakukuwa na uchapaji. Si kweli. Askofu Steere wa UMCA alipofika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, misheni yake tayari ilikuwa ikichapa Kiswahili Zanzibar. Baadaye Wabenediktini wakawa na mtambo wao Ndanda, hapo hapo jirani. Miaka ya 1960, Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma kabisa, utenzi wake wa Enjili ulichapwa Ndanda. Yaani Kusini ndiyo ilikuwa inawachapia wengine!

Lakini misheni ilikuwa na parokia, shule na walimu. Kitabu kilijua pa kwenda. Mwandishi wa riwaya za kijasusi na mapenzi angempa nani? Katekista?

Kufa na Kupona ya Musiba ilitolewa mwaka 1974 na East African Literature Bureau, shirika lililokufa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengine wakaamua kujitegemea. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers, na mwaka 1990 akatoa Dar es Salaam Usiku. Safi sana. Ila ukishachapa mwenyewe, unabaki na maboksi sebuleni.

Hapo ndipo inaingia mali kauli. Unamwachia mwenye duka nakala 10, anaandika kwenye daftari, anauza, anakata chake, zilizobaki unachukua. Hakuna mkataba, ni neno tu. Kariakoo unapita kila wiki kukusanya hela. Masasi je? Mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko, na masika barabara ilikuwa inakatika kweli kweli. Nauli ya kufuata hela ya nakala 10 ingemeza hela yenyewe. Kwa hiyo mwandishi harudi, na mwenye duka hapati mzigo mpya. Kwangu mimi huyu wa pili ndiye aliyeonewa zaidi, maana wateja walikuwa wanamsumbua yeye.

Daraja hilo la mita 970 limepewa jina la mtoto wa Lupaso, Masasi. Mzee Mkapa mwenyewe alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2019, kupitia Mkuki na Nyota. Wewe na mimi tunarudi kwenye mali kauli.

Siku hizi boksi linapanda basi na hela inarudi kwa simu. Umbali umeisha, karatasi bado. Mkulima wa korosho akipeleka mzigo ghalani anapewa stakabadhi, anasubiri mnada. Mwandishi anaondoka na namba ya simu ya mwenye duka. Na akipeleka vitabu Machi, hela ya korosho ilishaisha zamani, bora Novemba.

Wa Masasi, Newala, Nachingwea: riwaya yenu ya kwanza mliinunua duka gani, na nani alikuwa nyuma ya kaunta?