Dirisha la Mtoni: Hoteli ya Savoy na Watu wa Ukingoni

Mto Thames hupwa na kujaa. Mgeni wa pwani anayesimama kwa mara ya kwanza ukingoni mwake, katikati ya jiji la London, hustaajabu kuona maji yakipanda na kushuka mara mbili kwa siku kama ya bandari ya Malindi, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufikia kiasi cha mita 7. Kwenye ukingo wa kaskazini, pale mto unapojipinda kutoka Westminster kuelekea mashariki, ipo hoteli ya Savoy. Ilifunguliwa tarehe 6 Agosti 1889, na tangu siku hiyo bidhaa yake kuu haikuwa kitanda wala chakula, ingawa sifa za vyote viwili zilienea mbali. Ilikuwa dirisha. Mwenye fedha alinunua haki ya kuutazama mto kutoka juu.

Kabla ya hoteli palikuwa na kasri. Mwaka 1246 Mfalme Henry wa Tatu alimpa ardhi hiyo Peter wa Savoy, mjomba wa mkewe, na jina likabaki hata ukoo wenyewe ulipokwisha kuondoka. Katika karne ya 14 kasri lilikuwa la John of Gaunt, mwana wa mfalme na miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza. Wapenzi wa ushairi wana sababu ya kulikumbuka jumba lake. Gaunt alikuwa mfadhili wa Geoffrey Chaucer, na moja ya tungo ndefu za mwanzo za malenga huyo ni maombolezo ya Blanche, mke wa kwanza wa Gaunt, aliyefariki mwaka 1368. Juni 1381 wakulima walioghadhibishwa na kodi ya kichwa waliingia London, wakalichoma kasri. Waandishi wa tarikhi wa zama hizo wanasimulia kwamba walikatazana wenyewe kwa wenyewe kuiba, na kwamba aliyejaribu kujifichia chombo cha fedha alitupwa motoni pamoja nacho. Mwizi mkubwa wa zama zile angaliweza kumfahamu. Mtu anayechoma dhahabu bila ya kuitaka hakumfahamu kabisa.

Karne tano baadaye alitokea Richard D'Oyly Carte, mfanyabiashara wa michezo ya kuigiza ya kuimba. Mwaka 1881 alifungua hapo ukumbi wa maonyesho, jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme, na kutokana na faida ya michezo iliyoonyeshwa humo, ukiwamo ule mashuhuri wa The Mikado wa mwaka 1885, akajenga hoteli ubavuni mwake. Alikuwa amekwisha kuziona hoteli za Marekani na akazitamani. Lakini kuna jambo moja ambalo bila yake mradi wake usingalifaa kitu. Miaka thelathini kabla yake, mto ule haukuwa wa kutazamwa. Katika kiangazi cha 1858 uvundo wa uchafu wa jiji zima uliomiminwa ndani yake ulizidi hata mapazia ya Bunge yakalowekwa katika dawa ya chokaa ili waheshimiwa waweze kuvuta pumzi. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa kazi ya kuchimba mifereji ya maji machafu. Mmojawapo ulipitishwa ndani ya ukuta mpana wa mawe uliojengwa kandokando ya maji, na juu yake yakawekwa bustani na barabara, iliyofunguliwa mwaka 1870. Historia ya anasa, aghlabu, huanzia chini ya ardhi.

Hoteli ilikuwa na lifti za umeme, taa za umeme na vyumba vya kuogea karibu sabini. Inasimuliwa kwamba fundi aliyepewa kazi ya mabomba aliuliza kama wageni wanaotarajiwa ni viumbe wa majini. Msomaji wa Unguja, ambaye mji wake katika miaka hiyohiyo ulikuwa na hamamu ya Sayyid Barghash iliyofunguliwa kwa umma, pengine atatabasamu tu. Uongozi walipewa César Ritz, na jiko akapewa Auguste Escoffier. Wote wawili walifukuzwa mwaka 1898 kwa tuhuma za fedha, na hayo yana vitabu vyake.

Kilichokuwa chini ya dirisha hakina vitabu vingi kama hivyo. Mabenchi ya ukingo mpya wa mto yalikuwa malazi ya wasio na malazi. Mwaka 1890, hoteli ikiwa na umri wa mwaka mmoja, William Booth, mwasisi wa Jeshi la Wokovu, alichapisha kitabu juu ya mafukara wa Uingereza, na ndani yake mna ushahidi wa watu waliolala kwenye mabenchi hayo: vibarua, mafundi waliokosa kazi, watu waliokesha wakitembea kwa sababu ya baridi. Jina la kitabu, In Darkest England, lilichukuliwa makusudi kutoka kitabu cha Henry Morton Stanley juu ya Afrika kilichotoka mwaka huohuo. Stanley alieleza humo safari aliyoianza mwaka 1887, alipochukua Unguja wapagazi zaidi ya mia sita, akawapitisha misitu ya Kongo, na wengi wao hawakurudi. Booth aliwauliza Waingereza kwa nini waende mbali kutafuta giza. Swali lilikuwa zuri. Hata hivyo wapagazi waliobaki msituni hawakuingia katika hesabu yake; kwake walikuwa sehemu ya mfano tu.

Tukitoka mabenchini tukapanda ghorofani, tunawakuta watu wengine, nao wanautazama ukungu. Mwanzoni mwa 1889 Oscar Wilde alikuwa amechapisha insha yenye hoja ya ujeuri kidogo: kwamba ukungu wa London ulikuwapo karne na karne lakini hakuna aliyeuona mpaka wachoraji na washairi walipoufundisha ulimwengu kuuona. Wilde mwenyewe alikaa Savoy mwaka 1893. Miaka miwili baadaye, alipofikishwa mahakamani, watumishi wa hoteli waliitwa kueleza waliyoyaona chumbani mwake, na ushahidi wao ulichangia kifungo chake cha miaka miwili na kazi ngumu. Alikuwa amesahau kwamba katika hoteli wenye macho si wageni peke yao.

Mmoja wa wachoraji walioufundisha ulimwengu ni James McNeill Whistler, Mmarekani aliyeuchora Thames wa usiku tangu miaka ya 1870. Mwanzoni mwa 1896 alipanga chumba cha juu katika Savoy, na safari hii hakuja kwa ajili ya mto. Mkewe, Beatrix, alikuwa anaugua saratani. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na mumewe alishinda hapo siku baada ya siku, akichora juu ya karatasi maalumu ambayo mistari yake huhamishiwa kwenye jiwe na kuchapwa. Alichora daraja la Waterloo, daraja la reli la Charing Cross, njiwa wa hoteli, mashua na moshi. Kisha akageuka, akamchora mgonjwa. Katika mchoro mmoja Beatrix amelala na nyuma yake ni roshani na mto. Katika mwingine amesinzia, mkono umening'inia. Mistari ni michache na myepesi, kana kwamba mchoraji aliogopa kumwamsha. Anayeipanga michoro hiyo pamoja huona kwamba mto na mkewe vimechorwa kwa mkono uleule na kwa tahadhari ileile. Beatrix alifariki Mei 1896. Baada ya hapo Whistler karibu aiache kabisa kazi ya kuchapa kwa jiwe.

Miaka mitatu baadaye alikuja Mfaransa, Claude Monet, rafiki wa Whistler. Alikaa Savoy mara tatu, katika vuli ya 1899, mwanzoni mwa 1900, na tena mwanzoni mwa 1901 mpaka maradhi ya kifua yakamlaza. Mwaka 1900 alikuta ghorofa ya sita, aliyoizoea, imetolewa kwa maofisa waliojeruhiwa katika vita vya Makaburu huko Afrika ya Kusini, naye akashuka ghorofa ya tano. Asubuhi alichora daraja la Waterloo, mchana daraja la Charing Cross, na jioni alivuka mto kwenda hospitali ya St Thomas kulichora Bunge. Turubai zilijaa chumba kizima, kwa sababu mwanga ulipobadilika alibadilisha turubai, na mara nyingi hakuiona tena aliyoitaka mpaka mwanga umepita. Picha za London zilikaribia mia moja. 37 kati yake zilionyeshwa Paris mwaka 1904.

Alichokifuata ni ukungu, na ukungu ule ulikuwa na wenyewe. Ng'ambo ya pili, upande wa Lambeth, zilisimama dohani za viwanda, na nyumba zote za jiji ziliota moto wa makaa ya mawe. Katika barua kwa mkewe Monet anaeleza jinsi alivyoamka siku moja akakuta hakuna hata dalili ya utusitusi, akakata tamaa kabisa, mpaka moto ulipoanza kuwashwa mmoja baada ya mwingine na moshi ukarejea. Siku ya Jumapili, viwanda vikipumzika, yeye alikosa kazi. Kilichokuwa rangi ya zambarau dirishani kilikuwa kikohozi ng'ambo. Desemba 1952 moshi huo uliojichanganya na ukungu uliua watu wasiopungua 4,000, ndipo sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956. Na mwaka 2023 wanasayansi wawili, Anna Lea Albright na Peter Huybers, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba kufifia kwa mistari katika picha za Turner na Monet kunakwenda sambamba na kuongezeka kwa moshi wa viwanda. Wilde angalichukizwa: ukungu haukungoja washairi. Picha zenyewe hazikupungua uzuri kwa kujulikana hivyo, na hilo ndilo linaloleta uzito moyoni.

Hoteli iliwahi pia kupata wageni ambao haikuwaalika. Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kuipiga London usiku baada ya usiku, na waliopigwa zaidi ni watu wa mashariki, karibu na magati. Mtaa wa Stepney haukuwa na mahandaki ya maana. Vibanda vya bati vilivyogawiwa na serikali vilihitaji bustani ya kuvifukia, na nyumba za Stepney hazikuwa na bustani. Stesheni za reli ya chini ya ardhi zilikuwa bado hazijaruhusiwa kuwa makimbilio. Savoy, kwa upande wake, ilikuwa na handaki chini ya jengo, lenye vitanda na mapazia.

Jumamosi tarehe 14 Septemba, Phil Piratin, diwani wa Stepney wa Chama cha Kikomunisti, aliongoza makumi ya watu wa mtaa wake, wakiwamo watoto, wakaingia kwa mlango wa mbele. King'ora kilipolia walisema kwamba wao ni raia wanaotafuta hifadhi. Polisi waliitwa, wakaja, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuwatoa watoto nje mabomu yakianguka. Wakateremka handakini. Baada ya kupata nafasi waliagiza chai, na walipotajiwa bei ya Savoy waliikataa, wakasema watalipa peni mbili kwa kikombe, kama inavyouzwa mikahawani mtaani. Wahudumu, ambao wengi wao walikuwa na makwao mitaa kama ileile, hawakuonyesha kuudhika. Wakubwa walishauriana, wakakubali. Chai ikaletwa.

Usiku ule king'ora cha salama kililia mapema kuliko ilivyozoeleka. Watu wa Stepney waliwakusanya watoto, wakalipa peni zao, wakatoka kurudi makwao. Siku chache baadaye umati ulizijaza stesheni za chini ya ardhi, na serikali ikaacha kuzizuia. Daraja la Waterloo alilolichora Whistler na Monet lilikuwa limekwisha kubomolewa. Jipya lilikuwa bado linajengwa, na wengi wa waliolijenga miaka hiyo ya vita walikuwa wanawake.