Uadilifu wa Mungu

Uadilifu wa Mungu ni suala la elimu ya dini linalouliza kama matendo ya Mwenyezi Mungu yanapimika kwa mizani ya haki na dhuluma ambayo wanadamu hupimana kwayo.

Hoja za wanazuoni. Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu, walifundisha kwamba akili hutambua jema na baya hata bila wahyi. Abu al-Hasan al-Ash'ari wa Basra, aliyekuwa mwenzao kisha akawaacha, alijibu kwamba jema ni lile aliloamrisha Mungu. Kwake, dhuluma ni kuingilia milki ya mwingine, na kila kitu ni milki yake Mola. Mafundisho yake yalienea Pwani ya Afrika Mashariki sambamba na madhehebu ya Shafii.

Kaole na Bagamoyo. Uislamu huo wa Pwani umeacha alama Kaole, nchini Tanzania, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya matumbawe. Kaburi mojawapo, liitwalo la Sharifa, huzuriwa kwa dua. Jirani yake, Bagamoyo, karne ya 19 misafara ilitua pembe za ndovu na watumwa. Hapo hoja ya milki huelemewa, maana binadamu naye alimmiliki binadamu na kuitwa bwana. Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliletwa mtumwa kutoka Kongo akiwa mtoto, akaja kuiongoza tarika ya Kisufi ya Kadiriya mjini humo hadi alipofariki 1931. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika 1922. Kama kumiliki pekee kungehalalisha tendo, mwenye watumwa naye angekuwa na udhuru. Ndiyo maana waumini hawaishii kwenye milki: sura 113 kati ya 114 za Kurani hufunguliwa kwa kutaja rehema, neno ambalo mtu huanza kulielewa mikononi mwa mamaye.

Msibani. Suala hilo hurudi mtu anapofiwa: anayehani huketi mkekani, hutoa pole, kisha husema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mfiwa akilia "Kwa nini mwanangu?" huonywa asikufuru. Waislamu humtaja Nabii Ayubu kuwa kielelezo cha subira, na Utenzi wa Ayubu umeisimulia habari yake kwa Kiswahili. Katika Biblia, Ayubu huyo analalamika waziwazi, na mwishoni wanaokemewa na Mungu ni rafiki zake waliomtetea Mungu kwa kumtwika dhambi mtu aliyefiwa na wanawe.