Kumtafuta Babu katika Daftari la Vita

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta hupita Mwatate, Maktau na Mbuyuni. Kwa vijana wengi hayo ni majina ya vituo vya safari tu. Lakini zaidi ya miaka mia moja iliyopita yalikuwa majina ya vita, na huenda babu wa babu yako, msomaji, aliyajua kwa nyayo zake. Insha hii yataka kukuonyesha jinsi ya kumtafuta mtu kama huyo, na namna ya kumpa heshima anayostahili.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti. Waingereza walijikusanya Voi, penye reli ya Mombasa, na mwaka 1915 wakaanza kujenga reli nyingine kuelekea Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi wa Machi waliirudisha Taveta mikononi mwao, wakapigana vita vikali katika vilima vya Latema na Reata. Miongoni mwao walikuwamo askari Waafrika wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, ambalo wenyeji waliliita Keya.

Jeshi halitembei kwa bunduki peke yake. Reli ilipokoma, wanyama wa mizigo walikufa kwa maradhi yaletwayo na mbung'o. Basi unga na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Wapagazi hao waliitwa Kariakoo, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi chao. Wako waliokwenda kwa kutaka mshahara. Lakini wengi, hasa baada ya sheria ya mwaka 1915, walichukuliwa kwa nguvu. Kilichowaua zaidi si risasi, bali kuhara damu, malaria, kichomi na upungufu wa chakula. Hesabu ya serikali ilitaja vifo vya wapagazi vizidivyo 40,000. Wako wanahistoria wakadiriao kuwa vilikaribia 100,000.

Sasa yatazame makaburi. Voi na Taveta yako makaburi ya vita yatunzwayo vizuri, yenye mawe yaliyochorwa majina. Mpagazi hakuwekewa jiwe. Yeye na wenzake walisimamishiwa sanamu mjini Nairobi mwaka 1928, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, nayo haikuandikwa majina yao. Mwaka 2021 tume itunzayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, ikaomba radhi. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa waliopotea ni watu.

Basi, uanzie wapi? Anzia nyumbani. Waulize wazee jina kamili la marehemu, jina la baba yake, kijiji chake na chifu wa wakati ule, maana makarani waliwapanga watu kwa wilaya na kwa machifu. Uliza kama imesalia nishani au cheti. Nishani ya vita vya 1914 hadi 1918 mara nyingi huwa imechorwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mwenyewe. Itazame vizuri kabla hujaisugua.

Kisha nenda katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, ambako zimehifadhiwa taarifa za wilaya za zama za ukoloni. Huko uwe na subira. Karani mgeni aliandika jina kama alivyolisikia: Mwadime aweza kuwa Muadimi, na Mghanga aweza kuwa Manga. Usipoliona jina mara ya kwanza, usiseme halipo. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba hati za askari wa Keya zilizodhaniwa kuwa zimeangamia zimepatikana nchini Kenya, nazo zimefufua majina zaidi ya 3,000.

Pengine utauliza: yafaaje kumheshimu mtu kwa vita asivyovichagua, vya wafalme wasiomjua? Swali hilo ni la haki. Kumheshimu si kuvisifu vita, wala si kumvika ushujaa ambao hakuudai. Kama alitekwa njiani akafungwa kamba, andika hivyo. Kama alijiandikisha kwa hiari, andika hivyo pia. Kama alitoroka, usimfiche. Kutoroka nako kulitaka moyo. Aliyegeuzwa namba hulipwa kwa ukweli, na ukweli wa kwanza wa mtu ni jina lake.

Kazi hii haingoji. Waliokwenda vitani wamekwisha kufa, na wana wao karibu wote wamewafuata. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee. Jumamosi ijayo chukua kalamu na daftari, ukae karibu na mmoja wao. Andika tarehe, andika jina la msimulizi, kisha andika jina la yule aliyekwenda. Mkiwa thelathini darasani, na kila mmoja akaleta jina moja, shule yenu itakuwa na orodha ambayo serikali ya wakati ule haikujali kuiandika.