Mtu wa Tatu ni Nani?

Simama asubuhi kwenye kijiwe cha bodaboda jijini Dodoma, umuulize kijana mwenye pikipiki kama ana bima. Huenda akakujibu, "Ninayo, ile ndogo." Muulize tena inamsaidia nini, atakwambia trafiki hawamsumbui. Katika jibu hilo kuna mtu amesahaulika, na makala haya yanamhusu yeye.

"Bima ndogo" ni jina la mtaani. Istilahi yenyewe ni bima ya mtu wa tatu. Mwenzake ni "bima kubwa", ambayo hulipa pia hasara ya chombo cha mwenye bima. Neno bima lilitufikia kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na Wahindi na Waajemi wanalo hadi leo kwa maana hiyohiyo. Lakini "mtu wa tatu" tumeliunda kwa maneno yetu ya nyumbani, na ugumu uko hapo. Kila neno ni jepesi, ila ukiyaunganisha hujui anayesemwa ni nani.

Tuwahesabu. Wa kwanza ni mwenye gari anayekata bima. Wa pili ni kampuni inayopokea ada. Hao wawili wameandikiana mkataba. Wa tatu hakusaini popote wala hakutoa hata shilingi: ni mama anayevuka barabara ya Singida pale Bahi, ni mchukuzi wa magunia ya mahindi kando ya lami Kibaigwa, ni mtoto anayetoka shule. Sarufi inatusaidia kumwona. Nafsi ya kwanza husema, ya pili huambiwa, ya tatu husemwa naye hayupo. Hivyo ndivyo mkataba huo ulivyo: wawili wamezungumza habari za mtu ambaye hawajamjua bado.

Tafsiri nyingine zipo. "Upande wa tatu" inamfanya binadamu kuwa kama ukuta wa nyumba. "Mhusika wa tatu" ni sahihi, ila inanukia ofisi. "Mtu baki" ni Kiswahili kizuri, lakini mtu baki ni yule asiyetuhusu, ilhali sheria inasema anatuhusu. Kwa hiyo "mtu wa tatu" inabaki bora, mradi iandikwe na kutamkwa kwa uangalifu. Sikio likikosea kidogo, "wa tatu" inageuka "watatu", na mtu anadhani ni bima ya abiria watatu.

Hasara kubwa inaletwa na neno "ndogo". Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haimlazimishi mtu kulikatia bima bati la gari lake. Inamlazimisha awe na bima ya kifo au majeraha atakayowasababishia wengine barabarani. Mahakama ikitoa hukumu dhidi yake kwa dai la aina hiyo, kampuni iliyompa bima ndiyo inayowajibika kulipa. Tunachokiita kidogo ndicho sheria ilichokiona kikubwa hata ikakifanya cha lazima.

Asiyejua kwamba yeye ndiye mtu wa tatu hujifungia mlango mwenyewe. Dereva aliyemgonga humwambia, "Tuyamalize hapahapa," akampa pesa ya bandeji. Mguu uliovunjika unataka vyuma, mazoezi na miezi bila kazi, na kufikia hapo zile pesa zimekwisha. Ndugu husema, "Tutamdai nani, na yule hana kitu?" Jibu liko ndani ya istilahi: dereva hana kitu, lakini bima anayo.

Kwa hiyo anayejijua huanza na polisi. Huchukua fomu ya polisi, PF3, ya kwendea hospitali, huandika namba ya gari, hutunza kila risiti. Mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, yenye makao makuu hapahapa Dodoma, huonyesha kwa namba hiyo kama gari lina bima hai. Anayejijua hukumbuka pia kwamba kesi ya madhara ya namna hii ina ukomo wa miaka 3. Akiletewa karatasi ya kukiri kwamba amelipwa na hana dai tena, haisaini kabla ya kusomewa na anayeielewa. Asiye na pesa ya wakili anaweza kumwendea msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huyo hatamsimamia mahakamani, ila atamwonyesha njia.

Na azingatie kitenzi. Watu wengi husema "kuomba fidia". Anayeomba hungoja huruma. Anayedai ana haki mkononi, na ada ya kuilinda haki hiyo ilikwisha kulipwa kabla hajaumia.

Turudi kijiweni. Yule kijana akiwa juu ya pikipiki yake, katika mkataba wake yeye ni mtu wa kwanza. Jioni akiiegesha na kuvuka barabara kwa miguu kwenda kununua mkate, kwa kila gari linalopita pale mtu wa tatu ni yeye.